Taa za Rivasi na Mama Mkwe

Pikapu yangu ni kubwa kwa umri kuliko mwanangu wa mwisho, na ninaweza kusema bila woga kwamba inanitii kuliko yeye. Niliinunua ikiwa imeshachoka mikononi mwa watu wawili kabla yangu. Kipimo cha mafuta kimesema uongo siku nyingi hata sikitazami tena, na honi inalia ikitaka yenyewe. Lakini kila msimu wa alizeti imebeba magunia yangu kutoka shambani hadi kwenye mashine ya kukamua pale Iguguno, na haijawahi kunilaza njiani. Kwa hiyo taa zake za rivasi zilipoacha kuwaka wakati wa mvua, sikuona kama ni jambo la kumsumbua fundi.

Mke wangu ndiye aliyegundua. Aliniambia mara ya kwanza, nikamjibu kwamba mimi narudi nyuma kwa shingo, si kwa taa. Akaniambia mara ya pili, nikamwuliza kama amewahi kuona ng'ombe akirudi nyuma kwa kuwasha taa. Mimi ni mtu wa majibu ya haraka, na majibu ya haraka yana utamu wake hadi siku utakapoyakumbuka ukiwa peke yako. Hakuniambia mara ya tatu.

Siku zile mama yake alikuwa ameshahamia kwetu. Tangu mumewe afariki alikuwa akiishi peke yake Kinyangiri, akilima na kufuga kuku, hadi masikio yalipomwacha kabisa. Siku moja jirani alipita akakuta mbuzi wa watu wanamaliza mahindi yake nyuma ya nyumba, hatua kumi kutoka alipoketi, naye hana habari. Habari hiyo ilipotufikia mke wangu alianza kuniomba, nami nikakubali kabla hajamaliza kusema. Hilo nalitaja mapema, nisije nikaonekana mkwe mbaya kuliko nilivyo.

Ila kumpokea mama mkwe aishi kwako si jambo dogo kwetu. Mkwe na mama mkwe wanaoneana haya. Hamli sahani moja, hamkai benchi moja, hamtazamani usoni, na mkikutana kwenye njia nyembamba mmoja anaingia majanini ampishe mwenziwe. Vijana wa mjini siku hizi wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao. Siwalaumu, lakini mimi nililelewa vingine na umri wa kuanza upya sina. Tulimpa chumba cha upande wa nyuma chenye mlango wake. Kila asubuhi nilisimama mbali kidogo, nikainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa shati, nikasema shikamoo mama. Jibu sikulingoja, kwa kuwa nilijua hasikii. Nilisema kwa sababu ndivyo mtu anavyomsalimu mama wa mkewe, kisha nikaenda zangu kazini.

Yeye naye alikuwa na heshima zake. Jiko letu liko upande mmoja wa uwanja, chumba chake kiko upande wa pili, na pikapu inalala katikati. Akiniona nimekaa kwenye usukani hakupita mbele, maana kupita mbele ni kumkatiza mkwe usoni. Alizunguka nyuma ya gari. Mke wangu alipoliona hilo alimfundisha mama yake kitu ambacho mimi sikuambiwa, labda kwa sababu kilikuwa cha akili mno kwangu. Alimwambia kwamba kwa kuwa hasikii injini, aangalie zile taa nyeupe mbili za nyuma. Zikiwaka, gari linarudi, asimame. Zisipowaka, apite. Mama akalishika hilo, na kwa miezi kadhaa zile taa ndizo zilizokuwa masikio yake.

Halafu zikazima, na hakuna aliyemwambia kwamba zimezima. Mke wangu alidhani nitatengeneza kesho au keshokutwa. Mimi nilidhani hakuna anayezihitaji.

Asubuhi yenyewe, siku ya Jumatano, nilikuwa nimepakia magunia mpaka kioo cha ndani kikawa hakioni kitu. Nilikuwa na haraka, kwa sababu kwenye mashine anayechelewa anangoja hadi jua linageuka. Niliwasha gari, nikaweka rivasi, nikaanza kurudi taratibu. Nikasikia kitu kikavu kinavunjika chini, nikadhani ni kuni. Nikaendelea kidogo. Kisha mke wangu akapiga bodi la gari kwa viganja viwili, na sauti yake sijawahi kuisikia ikiwa vile.

Ulikuwa ungo. Mama mkwe alikuwa amebeba ungo wa mtama akitoka jikoni, akaona taa hazijawaka, akapita kama alivyofundishwa. Bampa ilimgusa nyonga, yeye akaangukia pembeni, ungo ukaangukia chini ya tairi. Angeangukia ulikoangukia ungo, leo nisingekuwa naandika haya, au ningeyaandika nikiwa mtu mwingine kabisa. Alichubuka kiwiko na nyonga ikamuuma siku chache. Zahanati walimpima wakasema hakuna kilichovunjika. Mungu alikuwepo uwanjani kwangu asubuhi ile, na sioni haya kulisema hilo mbele ya yeyote.

Mimi nilishuka nikasimama kama gogo. Mikono ilitaka kumwinua na adabu ikaikataza, na katika kubishana kwao mke wangu na jirani mmoja mwanamke wakawa wamekwisha kumnyanyua. Nikainama nikaokota mtama, punje kwa punje, kwa sababu sikujua mikono yangu niipeleke wapi.

Jioni mke wangu akaniletea ujumbe. Mama anaomba Jumapili arudishwe kwake Kinyangiri. Nikauliza sababu, akasema mama hakutaja sababu, amesema tu kwamba amekaa vya kutosha. Nikauliza tena, kwa namna nyingine, kana kwamba swali likigeuzwa litazaa jibu jipya.

"Muulize mwenyewe," mke wangu akasema, akijua vizuri kwamba siwezi.

Nilijua Jumapili hiyo ina maana gani. Kinyangiri hakuna wa kumwangalia. Ni mwanamke asiyesikia, peke yake na moto, na nyoka, na hodi asizoweza kuzisikia. Akienda, ataenda kwa sababu yangu, na likimkuta lolote kule litakuwa juu yangu. Mke wangu angenisamehe kwa mdomo, kwa kuwa ni mwanamke mwema, lakini moyoni mwake kungebaki kitu, na ningekula naye kitu hicho kila siku mezani. Nilitaka mama akae. Nilitaka sana, na sikuwa na njia ya kumwambia.

Basi nikaenda kwenye gari. Nilijiambia kwamba taa zikiwaka kabla ya Jumapili, mke wangu atamwonyesha mama yake, naye ataona kwamba uwanja umekuwa salama tena. Alhamisi nilianza na glopu, kwa kuwa glopu ndiyo ninayoijua. Skurubu moja ya kifuniko ilikuwa imeliwa na kutu. Nikaibembeleza, nikaitukana, ikatoka. Nikafuata glopu mpya mbili Iguguno, nikazifunga, nikafungua swichi ya gari kwa ufunguo bila kuwasha injini, nikaweka rivasi, nikashuka kwenda kutazama. Hakuna kitu. Zile za zamani zilikuwa nzima muda wote, ila sikuwa nimefikiria kuzijaribu kwanza.

Nikahamia kwenye fyuzi. Kifuniko cha kisanduku chake kiliwahi kuwa na maandishi ya kuonyesha ipi ni ya nini, sasa kimefutika chote. Nikazichomoa moja baada ya nyingine nikizitazama juani kama mtu anayekagua mayai. Zote zilikuwa salama. Nilipomaliza kuzirudisha, indiketa zilikuwa zimekufa, na redio iliyokuwa kimya kwa miaka miwili ikaanza kukoroma. Nikazipanga upya mpaka indiketa zikafufuka. Redio nikaiacha iendelee, maana ilikuwa ndiyo pekee iliyokuwa ikisema nami nyumbani siku hiyo.

Ijumaa nikafuata nyaya, na hapa inabidi niungame. Ninapobeba alizeti, mbegu zinazomwagika sizifagii zote. Ninaziacha kwenye pembe za bodi nikisema kuku watazipata. Kuku hawakuwahi kupanda kwenye gari hata siku moja. Waliopanda ni panya. Karibu na taa ya kushoto nilikuta kiota kizima cha maganda ya alizeti, na nyuma yake waya umetafunwa ukakatika kabisa. Nilifurahi kama aliyemwona ng'ombe wake aliyepotea. Nikaunga, nikasokota, nikazungushia kipande cha mfuko wa plastiki. Nikafungua swichi, nikaweka rivasi, nikakimbilia nyuma.

Hazikuwaka. Nikakaa chini nikaegemea tairi. Hasira yote iliniisha, na mtu wa hasira ikimwisha anabaki hana kitu cha kufanyia kazi.

Jumamosi asubuhi nikamfuata fundi umeme wa magari Iguguno. Ni mtu wa makamo, mpole, na nilikuwa nimemkwepa muda mrefu kwa sababu aliwahi kusema mbele ya watu kwamba gari langu linaishi kwa maombi. Hakunikumbusha. Alikuja kwa baiskeli na mfuko wake wa spana, na kifaa ambacho nilikidharau nilipokiona: glopu ndogo iliyofungwa nyaya mbili, basi. Akanieleza kwamba yeye habahatishi. Umeme unatoka kwenye betri kwenda kwenye taa, nasi tutaufuata hatua kwa hatua mpaka tuone umeishia wapi. Nilimpenda kuanzia hapo, ingawa sikumwambia.

Aligusisha glopu yake kwenye fyuzi, ikawaka. Akaenda nyuma kwenye taa, haikuwaka. Akakiona kiungo changu cha plastiki, akacheka kidogo kwa pua, akakifungua na kukiunga upya kwa tepu. Kisha akaweka mawe kwenye matairi yote manne na kuingia chini ya gari. Kule chini, akanieleza kwa sauti, kwenye giaboksi kuna swichi ndogo kama kidole gumba. Ukiingiza rivasi, gia inabonyeza kitufe chake, nayo inaruhusu umeme upite kwenda nyuma. Umeme ulikuwa unaifikia hiyo swichi, lakini hautoki upande wa pili. Alitaka kuziunganisha nyaya mbili za ile swichi kwa kipande cha waya, bila kuipitia yenyewe. Taa zikiwaka, mkosaji amepatikana. Mimi nikae kwenye usukani nifungue swichi ya gari, na mtu asimame nyuma atuambie.

Mtu hakuwepo. Mke wangu alikuwa ameenda gulioni na watoto wetu wote wanaishi mbali. Kutoka kwenye usukani taa za nyuma hazionekani mchana, na fundi amelala chali chini ya gari mikono yote miwili ikiwa kazini. Nikamwambia tumngoje mama watoto. Akasema ana gari jingine la watu linamngoja saa sita.

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko akichambua maharage. Siku tatu alikuwa akiniona ninavyohangaika na lile gari, maana mtu asiyesikia hana kitu kinachompita machoni. Akaweka sinia chini, akainuka, akaja akichechemea kidogo hadi nyuma ya pikapu, mahali pale pale alipoangukia, akasimama akizitazama taa. Injini ilikuwa imezimwa na mawe yalikuwa kwenye matairi, lakini nilivuta hendibreki mpaka ikalia. Kwenye kioo cha pembeni nikamwona mzima, uso na kilemba. Sikuinamisha kichwa. Kuhusu kioo, sikuwahi kufundishwa adabu inasemaje.

Fundi akaunganisha nyaya. Mama akainua kidole kimoja.

Nikamwambia fundi kwamba imewaka moja tu. Mama, bila kuulizwa, akaigusa taa ya kulia. Fundi akatambaa akatoka, akaenda kwenye ile ya kushoto, akakwangua kutu pale ambapo waya wa hasi unashika bodi, akakaza, akarudi chini. Akaunganisha tena. Safari hii mama akainua vidole viwili, mkono umenyooka juu kabisa.

Ikabaki swichi yenyewe. Fundi akaifungua, mafuta ya giaboksi yakamchuruzikia mkononi. Akaiosha kwa petroli. Kitufe chake kilikuwa kimeganda kwa mafuta ya zamani na vumbi la miaka, hakiingii ndani hata gia ikikisukuma. Akakibonyeza na kukibonyeza mpaka kikaanza kuingia na kurudi chenyewe, akaifunga mahali pake. Hapo nikakanyaga klachi nikaweka rivasi. Vidole viwili. Nikaitoa, mkono ukashuka. Nikaiweka, vidole viwili. Tulifanya hivyo mara nyingi kuliko fundi alivyohitaji.

Mara ya mwisho nikasema, "Asante, mama." Lilinitoka tu, kama linavyomtoka mtu aliye peke yake. Lakini safari hii nilikuwa nimeinua uso, nikimtazama kwenye kioo, naye akinitazama mimi. Mkono wake ukabaki juu. Kisha akaushusha, akaja ubavuni mwa gari hadi dirishani kwangu, karibu kuliko alivyowahi kufika.

"Kumbe unasema nami," akasema. Alisema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watu wasiosikia sauti zao wenyewe, na nadhani majirani wote waliipata.

Kwa mazoea nikainamisha kichwa. Akagonga mlango wa gari kwa kifundo cha kidole.

"Usiiname. Ukiinama sioni mdomo. Tangu nimefika hapa hujanisalimia hata siku moja. Nikasema basi, mkwe amenichoka, ila ana adabu, hawezi kunifukuza. Siku ile gari liliponigusa sikukasirika. Nilijua tu kwamba muda wangu umefika wa kukupisha."

Nilikaa pale nikijiona mjinga kwa kiasi nisichojua kukieleza. Alikuwa akisoma midomo ya watu. Mke wangu alisema naye uso kwa uso siku zote, jirani vilevile, hata mpita njia, nami nilidhani ni kwa ishara tu kwamba wanaelewana. Miezi yote ile nilikuwa nikimpa salamu ya heshima kuliko zote nilizofundishwa, na kadiri nilivyoinama ndivyo nilivyomnyima. Alichokuwa akikiona yeye kila asubuhi ni mwanaume anayesimama mbali, anatazama chini, kisha anageuka na kuondoka.

Nikafungua mlango nikashuka. Nikasimama mbele yake na kuinua uso wangu, jambo ambalo baba yangu angeniadhibia. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, kwa kuwa sikutaka mkono upite mbele ya mdomo.

"Shikamoo, mama," nikasema, taratibu.

Alinitazama mdomo, kisha macho. "Marahaba, mwanangu," akajibu, akarudi kwenye maharage yake.

Mke wangu aliporudi kutoka gulioni alitukuta mimi na fundi tumekaa chini ukutani. Fundi ndiye aliyemsimulia. Yule mtu nitamshukuru maisha yangu yote. Hakuzitengeneza taa kwa ustadi tu. Alijua pia kubaki chini ya gari mpaka tulipomaliza, ingawa kazi yake ilikuwa imekwisha na saa sita ilishapita. Na mke wangu namshukuru kwamba hakunikumbusha lile jibu langu la ng'ombe, si siku ile wala baadaye.

Bado siketi benchi moja na mama mkwe, na bado hatuli pamoja. Hayo tumeyaacha yalivyo na yeye mwenyewe ndivyo anavyotaka. Ila kila asubuhi ninasimama palepale mbali, ninainua uso, ninamsalimu, na ninangoja jibu.

Jumapili tulikwenda Kinyangiri, kama alivyoagiza. Kulikuwa na kitanda chake cha mbao, kile alichokiacha nyuma siku aliyohamia kwetu kwa sababu hakuwa na hakika kama ninamtaka. Tulikipakia, tukakifunga kwa kamba, tukarudi nacho nyumbani.